Theluji ya Rebmann na Mifupa ya Leakey

Niko hapa Galu, kusini mwa Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Leo sikuleta hubiri la kawaida. Nimeleta habari za kale, nazo zina uhusiano na kosa langu mwenyewe, ambalo imenipasa kuliungama kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha vijana wa kipaimara. Mmoja wao, kijana wa kidato cha nne, mwenye akili na mpenda kuuliza, alisimama na daftari lake la baiolojia mkononi. Akasema, "Mchungaji, shuleni twafundishwa kwamba viumbe walibadilika kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na mwanadamu pamoja nao. Hapa twafundishwa kitabu cha Mwanzo. Nikiandika katika mtihani kama nilivyofundishwa shuleni, je, nitakuwa nimemkana Bwana?"

Swali lilikuwa la haki. Mimi nilikuwa na haraka, maana alasiri ile nilikuwa na maziko. Nikamwuliza kwa mzaha kama babu yake alikuwa na mkia. Vijana wote wakacheka. Yeye hakucheka. Aliketi, akalifunga daftari lake, na Jumapili iliyofuata hakuja. Hakupokea kipaimara mwaka ule wala mwaka uliofuata. Mama yake aliponijia kuniuliza nilimfanya nini mwanawe, nilikosa la kumjibu.

Tangu siku ile nimejitahidi kusoma, nami nimeona kwamba jambo hili si geni katika nyumba yetu ya Kianglikana hapa Afrika ya Mashariki. Lina wazee wake na makaburi yake. Lakini kabla sijafika huko, natoa habari moja ya Rabai, iliyo karibu nasi.

Mwaka 1846 mmisionari Johannes Rebmann alijiunga na mwenzake Krapf huko Rabai, wote wawili wakiwa wametumwa na shirika la CMS. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchaga, Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, na juu yake weupe. Aliyekuwa akimwongoza hakuwa na jina la weupe ule, ila aliuita baridi tu. Rebmann alikuwa amezaliwa Ujerumani, akajua mara moja kwamba ile ni theluji. Akaandika alichokiona, na habari zake zikachapwa katika gazeti la CMS mwaka 1849.

Kule London alikuwako mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga bara hili. Yeye alishika kwamba karibu na ikweta theluji haiwezi kukaa, kwa hiyo Rebmann ameota. Kwa miaka zaidi ya kumi mmisionari alihesabiwa kuwa mtu aliyedanganywa na macho yake. Ndipo mwaka 1861 na 1862 Baron von der Decken akaupanda mlima ule hadi sehemu fulani, akaishuhudia theluji. Hata hapo Cooley alizidi kukaidi. Rebmann mwenyewe alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata.

Sisi watu wa kanisa twaipenda habari hii, kwa sababu ndani yake mtu wa Mungu ndiye aliyesema kweli na msomi ndiye aliyekataa kutazama. Lakini mara nyingine kiti cha Cooley tumekikalia sisi. Mtu anatoka bondeni na mfupa mkononi, nasi, bila kuutazama, twamwambia kwamba haiwezekani.

Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe mwezi Novemba 1859. Wengi wamesikia kwamba kanisa lote liliinuka kumpinga, na ni kweli kwamba Askofu Wilberforce wa Oxford alibishana vikali na wanasayansi mwezi Juni 1860. Lakini katika siku zizo hizo, na katika mji uo huo wa Oxford, kasisi Frederick Temple alihubiri kwamba Mkristo hana sababu ya kuiogopa elimu. Mwaka 1884 akafundisha wazi kwamba Mungu aweza kuwa ameviumba vitu kwa njia ya kuvipa uwezo wa kukua na kubadilika. Mtu huyo hakufukuzwa. Mwaka 1896 alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Na Darwin alipokufa mwaka 1882, ingawa imani yake ilikuwa imekwisha kufifia, alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Haya ni ya Uingereza. Ya kwetu yanatugusa zaidi.

Mwaka 1902 mmisionari Harry Leakey alifika Kabete, karibu na Nairobi, naye pia akitumwa na CMS. Alihubiri, alifundisha, akashiriki katika kazi ya kuitafsiri Biblia kwa lugha ya Kikuyu, na baadaye akawa kanoni. Mwanawe Louis alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama mmoja wao, hata akaingizwa katika rika lao. Alipokuwa kijana mdogo alipewa zawadi ya Krismasi, kitabu cha watoto juu ya watu wa zamani waliotumia zana za mawe. Akaanza kuokota mawe meusi yanayong'aa kama kioo katika njia za Kabete, na baadhi yake yalikuwa zana kweli. Alipokwenda Cambridge nia yake ilikuwa kurudi kama baba yake, mmisionari. Akarudi akiwa mchimbaji.

Ningependa msikilizaji apate picha ya nyumba ile. Baba ameinama juu ya maneno ya Maandiko, akitafuta neno la Kikuyu litakalofaa. Mtoto ameinama juu ya udongo. Wote wawili wanasoma, kila mmoja chake.

Tangu mwaka 1931 Louis alichimba Olduvai, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Miaka mingi ilipita bila kupata alichokitafuta. Tarehe 17 Julai 1959 yeye alikuwa amelala kambini na homa, na mkewe Mary akatoka peke yake na mbwa wake. Akaona kipande cha mfupa kikichungulia katika mteremko, na karibu yake meno. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa jamii iliyo karibu na wanadamu, la kale sana. Walilipa jina la Zinjanthropus, maana yake mtu wa Zinj, nalo Zinj ni jina la kale ambalo Waarabu waliliita pwani hii yetu. Mwaka 1961 ikatangazwa, kwa kupima mawe ya volkano ya mahali pale, kwamba umri wake ni miaka 1,750,000 hivi. Leo fuvu hilo limo katika makumbusho ya Dar es Salaam.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Waanglikana wengi hawalijui. Dada yake Louis, jina lake Gladys, aliolewa mwaka 1930 na mwalimu wa Alliance High School, Leonard Beecher. Wazee wetu wanalikumbuka jina hilo kwa ajili ya ile Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 juu ya elimu ya Waafrika. Beecher akawa kasisi, na mwaka 1953 akawa Askofu wa Mombasa, wakati dayosisi hii ilipokuwa ikienea Kenya nzima. Na mwaka 1960 likaundwa Jimbo la Afrika ya Mashariki, naye akawa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Hesabuni miaka. Fuvu lilipatikana 1959. Mwaka uliofuata, shemeji yake mchimbaji aliketi katika kiti cha Askofu Mkuu. Mifupa ya Olduvai na fimbo ya uaskofu vilikuwa katika ukoo mmoja, na Jimbo letu halikuvunjika kwa ajili hiyo.

Sisemi haya ili kumfanya Louis Leakey mtakatifu. Alimwacha mke wake wa kwanza na watoto wadogo, akamwoa Mary mwaka 1936, na hiyo ndiyo kashfa iliyomharibia nafasi yake Cambridge. Kama kanisa lilikuwa na neno la kumwonya, lilikuwa hilo. Mifupa haikuwa dhambi yake. Alikufa mwaka 1972, akazikwa Limuru karibu na makaburi ya wazazi wake.

Mimi nilisoma theolojia huko huko Limuru, katika chuo kilichoanzishwa Frere Town mwaka 1903 na kuhamishiwa bara mwaka 1930. Nilikuwa mwanafunzi mwaka 2006, wakati Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yalipokuwa yamefungwa kwa matengenezo. Viongozi wa makanisa ya kiinjili, wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo, walitaka mifupa ile ya kale isiwekwe mbele ya watu kana kwamba ni habari ya hakika juu ya asili yetu. Richard Leakey, mwana wa Louis na Mary, akajibu kwa ukali. Bwenini kwetu tulibishana hadi usiku. Nami nilikuwa upande wa maaskofu wale, nasema kweli. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 na mifupa ikaonyeshwa, na hakuna kanisa lililofungwa kwa sababu hiyo.

Lakini siwalaumu waliokuwa na hofu, maana hofu hiyo ina sababu ambayo wataalamu wa Ulaya husahau upesi. Mwafrika akiambiwa habari za nyani hasikii sayansi kwanza. Husikia tusi. Mwaka 1906 kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, ili watu waje kumtazama. Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji weusi wa Kibaptisti wa mji ule. Walisema kwamba jamii yao imeonewa vya kutosha bila kuonyeshwa pamoja na nyani, wakasema pia kwamba maonyesho yale yanataka kuthibitisha mafundisho ya Darwin, nao wakayapinga yote mawili pamoja. Ota Benga alitolewa, lakini hakupata kurudi kwao, na mwaka 1916 alijiua.

Basi mzaha wangu juu ya mkia ulikuwa na uchungu kuliko nilivyodhani. Nililitumia tusi lile lile, tena juu ya mtoto wetu.

Yatupasa kuyatenga mambo mawili ambayo wachungaji wale, kwa jinsi walivyotendewa, hawakupewa nafasi ya kuyatenga. Elimu haisemi kwamba babu yetu ni kima huyu anayeiba ndizi jikoni hapa Galu, wala mbega wa msitu wa Kaya Kinondo. Yasema kwamba wao na sisi tuna wazee wa kale waliokuwa wamoja, kama vile binamu wa mbali wana babu mmoja bila mmoja kuwa mtoto wa mwenzake. Na yasema neno jingine, ambalo lingewaaibisha wenye bustani ile. Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba yaelekea wazee wa wanadamu waliishi Afrika, na mifupa imezidi kulithibitisha. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani, aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na wenzake wakachimba hata wakapata karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi miaka 1,500,000 hivi iliyopita. Mzungu wa New York na Ota Benga walikuwa wa ukoo mmoja, na ukoo wenyewe ni wa huku.

Wengine wataniuliza, na Biblia je? Haihesabu miaka 6,000? La, haihesabu. Aliyehesabu alikuwa Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh, mwaka 1650. Alijumlisha vizazi akapata mwaka 4004 kabla ya Kristo. Baadaye hesabu yake ilichapwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza, na watu wakaisoma kama Neno lenyewe. Mwafrika mwenzetu, Augustino wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikwisha kuandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba siku za Mwanzo si lazima ziwe siku kama zetu. Aliwaonya pia Wakristo wasiseme mambo ya kipuuzi juu ya nyota na viumbe mbele ya wasioamini wanaoyajua mambo hayo, wasije wakaifanya imani yetu kuchekwa.

Nami huwaza juu ya Zaburi ya 139, ambamo mwimbaji amshukuru Mungu kwa kumfinyanga tumboni mwa mama yake. Wakunga wa hospitali ya Msambweni wanajua hatua zote za mimba, mwezi hata mwezi, na twamlipa ada binti yetu akajifunze elimu hiyo. Sijapata kumsikia mzee wa kanisa akisema kwamba mkunga ameikana Zaburi. Ikiwa Mungu aliniumba mimi kwa miezi tisa na bado ni yeye aliyeniumba, sioni kwa nini asiwe ameiumba jamii yetu kwa miaka isiyohesabika. Mwanzo yenyewe yasema kwamba nchi iliamriwa kutoa viumbe hai, na ya kuwa mtu alitoka mavumbini. Mavumbi ni mwanzo wa chini kuliko mnyama ye yote.

Hapo palipo pagumu kwangu ni kifo. Twafundisha kwamba kifo kiliingia kwa dhambi ya Adamu. Lakini tazameni kuta za nyumba zetu hapa Galu. Ukikata jiwe la machimbo yetu utaona matumbawe na kombe ndani yake. Wataalamu hukadiria kwamba miamba hii ya ufukoni ni ya miaka 125,000 hivi, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Nyumba ninamolala imejengwa kwa viumbe waliokufa. Nilipoyajua haya nilifadhaika, na sehemu ya fadhaa hiyo ningali nayo. Kilichonisaidia kimo katika Mwanzo sura ya pili na ya tatu. Adamu alionywa kwamba siku atakapokula atakufa. Akala, na siku ile hakuzikwa. Aliona haya, akajificha asionane na Mungu, akafukuzwa bustanini. Naamini kwamba hicho ndicho kifo ambacho Paulo akiomboleza katika Warumi, nacho ndicho kifo ambacho Bwana alikuja kukiondoa. Yuko mwalimu wangu wa zamani asiyekubaliana nami hapa, na bado twala pamoja. Jirani yangu, mwalimu wa madrasa, naye ana mashaka yake juu ya jambo hili, nasi huyazungumza jioni barazani kwake.

Na wale wasemao kwamba mifupa imeonyesha hakuna Mungu, nao wamepita mpaka. Richard Leakey, aliyefariki mwaka 2022, hakuamini, naye alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini mfupa huonyesha umri wake na umbo lake, basi. Hausemi nani aliyeutaka uwepo.

Mwaka jana nilikwenda kumtafuta yule kijana. Sasa ni mwalimu wa baiolojia. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Wakanikaribisha chai, na tulipokuwa tukinywa akaniambia habari ya Panga ya Saidi, ile pango la Kilifi. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na wenzao wa Ujerumani walichimba humo, na mwezi Mei 2021 wakatangaza kwamba wamepata kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, lenye umri wa miaka 78,000, la kale kuliko makaburi yote ya watu kama sisi yaliyojulikana katika Afrika. Walimwita Mtoto, kwa Kiswahili. Alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kuume, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mifupa ilivyokaa yaonyesha kwamba mwili ulifungwa katika kitu kama sanda, na chini ya kichwa kulikuwa na kitu kama mto, ambacho kimeoza.

Mama yake aliweka kikombe chini. Yeye mwenyewe alipata kuzika mtoto wa umri huo. Akauliza, "Mchungaji, walimwombea?"

Nikamwambia kwamba maneno yao hatunayo, ila twajua walimfunika na kumlaza vizuri, na kwamba Mungu aliyemwumba hakungoja Krapf afike Mombasa ndipo amjue. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanijazia kikombe tena.

Mwanawe hajarudi kanisani. Lakini amekubali kuja Jumamosi ijayo, saa nne, kuzungumza na vijana wa kipaimara wa mwaka huu, na ameomba aje na daftari lake. Wazazi pia wanakaribishwa, na wenye maswali wayalete. Bwana awe nanyi nyote.